Chalbi, Sharqiya au Sossusvlei: jangwa lipi kwa mpiga picha mwenye siku tatu?

Mtu mwenye siku tatu hana muda wa kuzungukazunguka jangwani akitafuta mahali pa kusimamisha kamera. Mwanga wa kufaa ni wa dakika chache asubuhi na nyingine chache jioni, na akikosa mawio mawili safari nzima imekwenda. Ndiyo maana kazi ya kutafuta mahali hufanyika nyumbani kabla ya kukata tiketi, na swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kivuli kitatoka wapi?

Mchanga wenyewe hauna sura. Ukimulikwa kutoka juu, tuta la mita mia moja huonekana bapa kama ukuta uliopakwa chokaa. Sura yake hutokea jua likiwa chini, upande mmoja unang'aa na mwingine una giza, na mstari unaogawa pande hizo ndio picha yenyewe. Kila jangwa lina namna yake ya kutoa kivuli, na namna hiyo ndiyo inayoamua usimame wapi, uelekee wapi, na hata ubebe lenzi gani.

Tunalinganisha matatu ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kuyafikia bila kuvuka nusu ya dunia: Chalbi katika kaunti ya Marsabit, Kenya, mchanga wa Sharqiya nchini Oman, ambao ramani nyingi bado huuita Wahiba, na Sossusvlei ndani ya Jangwa la Namib, Namibia. Ukitaka jibu la haraka: kama utalala mara mbili tu, nenda Sharqiya. Kama unatafuta picha moja kubwa ya kutundika ukutani na una fedha ya kulala ndani ya hifadhi, nenda Sossusvlei. Chalbi ni ya mtu anayetaka watu na wanyama ndani ya picha, na kwa kweli siku tatu kutoka Nairobi hazitoshi, tenga tano.

| | Chalbi | Sharqiya | Sossusvlei |
|---|---|---|---|
| Safari ya kwenda | Nairobi–Marsabit km 540 hivi, kisha km 130 hivi hadi Kalacha | Muscat–Bidiyah km 220 hivi | Windhoek–Sesriem km 350 hivi |
| Muda wa gari | siku moja na nusu | saa 2½ hadi 3 | saa 5 hivi |
| Kinachotoa kivuli | ngamia, mikoma, watu, nyufa za ardhi | matuta marefu yaliyolala kaskazini–kusini | matuta yenye mikono mingi, miti mikavu |
| Miezi mizuri | Januari–Februari, Juni–Septemba | Novemba–Machi | Mei–Septemba |
| Kinachoharibu mipango | mvua, hata iliyonyesha mbali | magari ya wikiendi | saa za lango |

Mwanga unakaa muda gani

Wengi huamini kwamba karibu na ikweta jua linazama ghafla na kusini zaidi mwanga wa dhahabu unakaa sana. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyosemwa. Chalbi, iliyo nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, jua huchukua dakika 24 hadi 26 kupanda kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6, ambapo mwanga huo huisha. Sharqiya mwezi wa Desemba na Sossusvlei mwezi wa Juni ni dakika 29 hivi. Dakika hizo tano ni za kubadilisha mahali mara moja zaidi, basi.

Kinachotofautiana kweli ni saa yenyewe. Sossusvlei mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa moja na dakika 40 asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na robo jioni. Bidiyah katikati ya Desemba ni saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi, na jioni limeshazama kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mtu aliyezoea jua la Dar es Salaam au Mombasa hufika Sharqiya akidhani ana jioni ndefu, akakuta saa kumi kamili vivuli vimeshaanza kurefuka naye bado anakunywa kahawa kambini.

Sharqiya: simama mgongoni, tazama kaskazini au kusini

Jangwa hili lina urefu wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa kilomita 80 hivi. Uzuri wake kwa mpiga picha mwenye haraka ni kwamba limepangwa vizuri. Sehemu ya kaskazini, unayoingilia kutoka Bidiyah au Al Wasil, ina matuta makubwa yanayofika mita 100 hivi, yote yakilala kaskazini–kusini, na kati yake mna mabonde ambayo magari hupita. Jua linachomoza mashariki na kuzama magharibi, yaani linayapiga matuta ubavuni asubuhi na linayapiga ubavuni tena jioni. Hata Desemba, jua linapochomoza nyuzi 26 hivi kusini mwa mashariki kamili, pembe bado inatosha.

Kwa hiyo kanuni ni moja: panda mgongoni, kisha elekeza kamera kaskazini au kusini kuufuata mgongo. Nusu ya fremu itakuwa ya rangi ya chungwa na nusu ya giza. Ukielekea mashariki wakati wa mawio unapigana na jua. Ukielekea magharibi unapata mchanga usio na kivuli na kivuli chako mwenyewe katikati ya picha.

Kutafuta mahali, fungua picha ya setilaiti ya eneo la kusini mwa Bidiyah na ufuate bonde mojawapo kilomita 15 hadi 40 kuingia ndani. Picha nyingi za setilaiti hupigwa kabla ya adhuhuri, hivyo upande wenye giza ni wa magharibi. Tafuta mambo matatu pamoja: mgongo unaojikunja badala ya kunyooka, vituta vidogo vilivyokaa juu ya tuta kubwa, na njia ya magari iliyo mbali na upande utakaopiga. Weka alama tatu kwenye simu na upakue ramani, maana mtandao hupotea ukishaacha lami nyuma. Fika kwenye alama ya kwanza saa tisa alasiri, si kwa ajili ya kupiga, bali kuona kama mchanga bado ni safi.

Hapo ndipo Sharqiya inapowaangusha watu. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na kuanzia Alhamisi jioni matuta ya karibu na Bidiyah hujaa magari yanayopanda na kushuka kwa mchezo. Ijumaa asubuhi utakuta kila uso una alama za matairi. Upepo wa majira ya baridi ni wa wastani na hauzifuti zote kwa usiku mmoja. Panga kulala Jumapili hadi Jumatano. Aliyefungwa na kazi ya Muscat na hana ila Ijumaa aingie ndani zaidi ya kilomita 30, au aache njia kuu na kupanda kwa miguu nusu saa. Magari ya mchezo hupenda tuta lililo karibu na barabara na lenye watazamaji.

Jambo la pili linaloshangaza wageni ni umande. Bahari ya Arabia iko karibu na alfajiri mchanga unaweza kuwa umelowa juu. Kwa rangi ni neema, kwa kuwa mchanga uliolowa hukolea na haurushwi na upepo. Kwa lenzi ni balaa: ukiitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi au gari lililopoa, kioo kinaota ukungu papo hapo. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani, itoe nje ikiwa mfukoni, iache dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje, ndipo uifungue. Kuifuta kwa pembe ya kanzu au shuka huku ina chembe za mchanga ni kuichora kwa makusudi.

Sossusvlei: lango ndilo linalopanga picha

Hapa matuta ni makubwa na mekundu zaidi, kwa sababu chembe za mchanga zimevaa oksidi ya chuma. Mengi ni ya umbo la nyota: upepo huja kutoka pande kadhaa kwa nyakati tofauti, na tuta huota mikono mitatu au zaidi. Faida yake ni kwamba karibu saa yoyote jua likiwa chini kuna mkono mmoja wenye upande mweusi. Tena barabara yenyewe inafuata bonde la mto mkavu wa Tsauchab kuelekea magharibi, na matuta yako kulia na kushoto. Jua la asubuhi linaingia bondeni kutokea mashariki na kuyapaka yote kwa ubavu. Unaweza kusimama kando ya lami ukiwa na lenzi ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, na kupata picha nzuri bila kupanda kitu.

Tatizo ni saa. Lango la nje la Sesriem, penye mwingilio wa hifadhi, hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama. Lango la ndani huwaruhusu waliolala ndani ya hifadhi kutoka saa moja kabla ya mawio na kurudi hadi saa moja baada ya machweo. Fanya hesabu. Kutoka langoni hadi mwisho wa lami ni kilomita 60 na kidogo, na mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 60 kwa saa: saa nzima. Kilomita 5 za mwisho ni mchanga mtupu, kwa gari la 4x4 au usafiri wa kulipia: dakika 20. Kutoka hapo hadi Deadvlei, sakafu ya miti mikavu ambayo wengi huifuata, ni mwendo wa miguu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, mchangani: dakika 20 nyingine. Jumla ni saa moja na dakika 40. Aliyelala ndani anafika Deadvlei dakika 40 baada ya mawio. Aliyelala nje anafika saa moja na dakika 40 baada yake.

Tofauti hiyo ya saa moja ndiyo picha. Deadvlei ni sakafu nyeupe ya udongo mkavu yenye migunga iliyokufa karne kadhaa zilizopita na ambayo haijaoza kwa ukavu wa hewa. Picha inayojulikana ni ya miti myeusi mbele ya tuta jekundu, na siri yake ni kwamba sakafu na miti vimo ndani ya kivuli huku tuta la nyuma limeshapigwa na jua. Kivuli cha matuta ya mashariki hubaki sakafuni kwa muda baada ya mawio, kisha mstari wake husogea na kuondoka. Ukifika sakafu imeshameza jua, unabaki na miti ya kahawia kwenye weupe unaokata macho, na hakuna programu ya kuhariri itakayokurudishia kile kivuli.

Ukifika kwa wakati, fanya hivi. Usisimame mlangoni ambako kila mtu amesimama. Tembea hadi upande wa mashariki wa sakafu na ugeuke magharibi. Tumia lenzi ya milimita 100 hadi 200, rudi nyuma mpaka mti mmoja au miwili ikae peke yake, na usipige anga kabisa. Pima mwanga kwa tuta lililong'aa, miti iache iwe nyeusi. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe itataka kuangaza kivuli, na tuta litaungua, yaani litatoka jeupe tupu. Miti usiiguse wala kuiegemea. Imekauka, na tawi likivunjika halioti jingine.

Jioni hesabu inageuka. Aliye ndani lazima aondoke Deadvlei dakika 40 kabla ya machweo. Aliye nje, saa moja na dakika 40 kabla. Kwa hiyo jioni usiende mbali. Tuta liitwalo Dune 45 liko kilomita 45 kutoka langoni na aliyelala ndani anaweza kukaa hapo mpaka jua linagusa upeo, akaondoka mara moja. Aliyelala nje aende tuta la Elim, kilomita 5 tu kutoka langoni. Hakuna anayelisifia sana tuta hilo, lakini lina manyasi yanayoshika mwanga wa nyuma vizuri, na watu ni wachache.

Ushauri wetu ni mkali kidogo: kama nafasi ya kulala ndani ya lango la Sesriem imeshajaa kwa tarehe zako, badilisha tarehe. Kulipa nauli ya ndege kupitia Johannesburg, kukodi gari Windhoek, kisha kufika Deadvlei saa tatu na nusu asubuhi ni gharama isiyo na maana kwa mpiga picha. Mtalii wa kawaida ataridhika, wewe hutaridhika.

Chalbi: kivuli unakitafuta kwa wenyewe

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ni tambarare ya udongo, chumvi na magadi, na vilima vya mchanga ni vidogo, vilivyo karibu na North Horr. Anayekwenda huko akiwa na picha za Namib kichwani atavunjika moyo siku ya kwanza. Hapa ardhi haitoi kivuli, kwa hiyo kinachosimama juu yake ndicho kitakachokitoa: ngamia wa Wagabra, wafugaji wa eneo hilo, mikoma ya chemchemi ya Kalacha, mwanamke aliyebeba maji, au nyufa za udongo uliokauka.

Hesabu ya kivuli inasaidia. Jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, ngamia wa kimo cha mita 2 anatupa kivuli cha mita 19. Likifika nyuzi 10, kivuli kimeshuka hadi mita 11. Kwenye tambarare, msafara wa ngamia kumi kwa mwanga huo hujaza fremu nzima kwa mistari. Piga ukiwa upande, si mbele wala nyuma, na shusha kamera hadi usawa wa goti ili miguu ya ngamia ionekane mbele ya anga na isizame kwenye rangi ya ardhi. Ukitaka mandhari ya nyuma, kutoka Kalacha mlima Kulal uko kusini-magharibi na vilima vya Huri viko upande wa kaskazini-mashariki; jioni za Desemba na Januari jua linazama kulia kwa Kulal, na umbo la mlima linabaki kando bila kulimeza jua.

Kupata ngamia hakutegemei ramani. Ngamia hawanyweshwi kila siku, na kisima chenye mamia ya wanyama leo kinaweza kuwa kitupu kesho. Ukifika Maikona au Kalacha, kazi ya kwanza ni kumtafuta chifu au mzee wa eneo, kumsalimu, kueleza ulichokuja kufanya, na kuuliza mifugo itanyweshwa lini na wapi. Kiswahili kinatosha mjini; visimani utahitaji kijana anayejua Kigabra. Malipo ya kupiga picha watu na mifugo mkubaliane kabla ya kamera kutoka kwenye begi, na mlipe aliyekubaliwa na wote, si kila mkono unaonyooshwa. Mpiga picha anayefyatua kwanza na kuuliza baadaye huwafungia njia wanaokuja nyuma yake. Usalama wa njia nao uulize pale pale, na kwa polisi Marsabit kabla ya kuondoka.

Mazigazi ni ya kupendeza machoni na ni adui wa lenzi ndefu. Kuanzia kama saa tatu asubuhi hewa iliyo juu ya chumvi huanza kutetemeka, na chochote kilicho mbali zaidi ya mita mia mbili tatu kinatoka na ukungu. Watu hudhani lenzi imekosea kulenga, wakabadilisha mipangilio mpaka betri inaisha. Hakuna mpangilio wa kuondoa joto. Sogea karibu au subiri alasiri. Wakati huo wa mchana ndio wa kupiga nyufa: lenzi pana, kamera sentimita 30 kutoka ardhini, tundu la lenzi f/11, na ulenge ufa ulio mita moja mbele. Weupe wa chumvi huidanganya kamera ikatoa picha ya kijivu, hivyo ongeza mwanga +0.7 hadi +1.

Kisha kuna mvua. Chalbi ni bonde lisilo na njia ya kutokea maji. Mvua ikinyesha Marsabit au vilima vya Huri, maji huishia hapo, hata kama juu ya kichwa chako anga ni jeupe. Ganda la juu linaweza kukauka na kuonekana gumu huku chini ni tope, na gari likizama hadi ekseli hakuna mti wa kufungia kamba. Fuata alama mpya za matairi, usikate njia yako, na kama kumenyesha ndani ya wiki moja ahirisha.

Nyota

Hapa Sossusvlei inashinda bila ubishi. Kitovu cha Njia ya Maziwa, galaksi yetu, mwezi wa Juni na Julai hupita karibu utosini usiku wa manane. Kutoka Chalbi kinafika nyuzi 58 hivi, ambayo ni nzuri sana kwa kuweka mkoma au hema chini yake. Kutoka Sharqiya hakivuki nyuzi 39, na kibaya zaidi, katika miezi ya baridi unayokwenda huko kitovu kiko upande wa jua na hakionekani usiku. Subiri Machi, saa za mwisho kabla ya alfajiri.

Ila kumbuka lango. Deadvlei usiku haikaliki kwa kanuni za kawaida za hifadhi, kwa hiyo nyota za Sossusvlei ni za kambini, na zinatosha. Anza na tundu f/2.8, ISO 3200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), sekunde 15 hadi 20 kwa lenzi ya milimita 14 hadi 20, na uchague juma la mwezi mwandamo. Chalbi katika Juni hadi Agosti upepo huvuma sana usiku. Fupisha miguu ya stendi na uning'inize begi katikati, likiwa linagusa ardhi ili lisipembee.

Lenzi ipi, kama ni moja tu

Wengi hubeba lenzi pana kwa kuwa jangwa ni kubwa. Matokeo yake ni theluthi moja mchanga, theluthi mbili anga, na hakuna kitu. Kwa Sharqiya na Sossusvlei lenzi ya kwanza ni ya milimita 70–200. Hubananisha migongo ya matuta iwe tabaka juu ya tabaka. Kwa Chalbi ni 24–70, kwa sababu utakuwa karibu na watu na ngamia. Mwenye simu asitumie kamera pana kabisa. Atumie ya kukuza mara 2 au 3, na afungie mwanga kwa kubonyeza upande uliong'aa.

Lenzi usiibadilishe juu ya tuta. Upepo wa mgongoni hupita na chembe usizoziona, na chembe moja kwenye pete ya kukuza hutoa mlio wa kusaga mpaka ipelekwe kwa fundi. Badilisha ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa. Ondoa mchanga kwa kipulizio cha mpira kwanza, brashi baadaye, kitambaa mwisho. Betri za akiba Sossusvlei zilale nawe kitandani; asubuhi za Juni zina baridi ya kukaribia sifuri na betri iliyolala kwenye begi huonyesha imeisha kabla jua halijatoka.

Nyayo

Nyayo zako mwenyewe zitaharibu picha nyingi kuliko za wengine. Kabla ya kupanda, simama chini uamue ni mgongo upi utakaopigwa, kisha panda kwa mwingine. Usijaribu kupanda uso mwinuko unaoporomoka. Mchanga mkavu husimama kwa nyuzi 32 hadi 34 tu, na kila hatua mbili juu unarudi moja na nusu, ukiacha mfereji unaoonekana kilomita nzima. Fuata mkono wa tuta wenye mteremko mpole. Mkiwa kundi, mtu mmoja atangulie na wengine wakanyage alama zake. Usiku wa upepo ukipita, migongo iliyokanyagwa jana hunyooka tena, ndiyo maana mawio hushinda machweo kwa mchanga safi kwenye majangwa yote haya.

Gari

Sharqiya: Bidiyah kuna maduka ya matairi yanayopunguza upepo ukiingia na kuujaza ukitoka. Kutoka 35 psi shuka hadi 15–18. Chini ya 12 tairi linaweza kuvuka ringi ukikata kona. Dereva asiyewahi kuendesha mchangani akodi gari la kambi limfuate bondeni, au apande nalo.

Sossusvlei: barabara za changarawe kutoka Windhoek zina vijituta vinavyotikisa gari mpaka skrubu za stendi ya kamera zinalegea, teremsha upepo hadi 28 hivi, usizidi kilomita 80 kwa saa, na ongeza umbali na gari la mbele kwa ajili ya mawe. Mafuta yapo Solitaire na Sesriem. Kwa kilomita 5 za mwisho shuka hadi 18, au acha gari ulipe usafiri. Wanaonasa hapo kila siku ni wale waliosahau kupunguza upepo.

Chalbi: lami inaishia njiani kabla ya Kalacha. Ukiiacha kuna mawe ya volkano yenye ncha, kwa hiyo matairi mawili ya akiba, magari mawili, mafuta yajazwe Marsabit kwa kwenda na kurudi, na maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku bila kuhesabu ya kuogea.

Droni isikusumbue kichwa kwa safari fupi. Ndani ya hifadhi ya Namib hairuki bila kibali, na Kenya na Oman zote zinahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo huombwa kabla ya safari. Bila karatasi mkononi, iache nyumbani. Nafasi yake kwenye begi itajazwa na chupa mbili za maji.